Barazani na Mwalimu: Mali Bila Daftari



Mwezi uliopita nilialikwa harusini, katika ukumbi mmoja wa kukodi kule Barking. Pilau ilichelewa, na kama ijulikanavyo, pilau ikichelewa mazungumzo hunoga. Mezani petu alikuwapo mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikuwa mhasibu wa shirika la umma huko nyumbani. Mkabala naye aliketi binti wa rafiki yangu, ambaye kazi yake ni kusafisha mabehewa ya treni usiku, wakati sisi wengine tumelala. Mtu mmoja akataja kwamba treni zipitazo hapo Barking zimechukuliwa na serikali. Binti akafurahi, mzee akatikisa kichwa.

"Niwie radhi, babu," alisema yule binti, "mimi naona ni jambo jema. Kitu kikiwa cha serikali ni chetu sote. Huenda na sisi wasafishaji tukahesabiwa kuwa watu."

"Mungu akujalie, mjukuu wangu," mzee alijibu. "Lakini mimi nimekwisha kuyaona hayo. Nilikaa na vitabu vya hesabu vya shirika la umma miaka kumi na miwili, na mwisho wake tulilizika. Mali ya serikali haina mwenyewe."

Basi meza ikagawanyika pande mbili. Waliponigeukia na kusema, "Mwalimu, amua," pilau ikaingia, nami nikaokoka. Walakini ahadi ni deni, na deni hilo nalilipa leo katika safu hii.

Kwanza tueleze kilichotendeka. Mwezi Novemba 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kurudisha huduma za treni za abiria katika mikono ya umma, kila mkataba wa kampuni binafsi unapofikia kikomo chake. South Western Railway ilitangulia tarehe 25 Mei 2025. Ikafuata c2c, ambayo ndiyo ipitayo Barking, mwezi Julai. Kisha Greater Anglia, ipitayo Stratford, mwezi Oktoba mwaka huo huo. Katika safari ya kwanza kabisa, alfajiri ile ya Mei, abiria waliotoka Woking kuelekea Waterloo walilazimika kumalizia safari yao kwa basi, kwa kuwa njia ilikuwa katika matengenezo. Wenye kejeli walicheka sana. Mimi sikucheka, kwani reli haiharibiki kwa siku moja, wala haitengenezeki kwa siku moja.

Wengi wetu tuliokulia Tanzania baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 tumezoea kudhani kwamba neno "kutaifisha" lilizaliwa kwetu. La hasha. Hapa Uingereza hoja ya kwamba migodi ya makaa ya mawe na reli viwe mali ya taifa ni ya zamani zaidi. Mwaka 1919 tume iliyoongozwa na Jaji Sankey ilipendekeza migodi itoke mikononi mwa mabwana waliokuwa wakiimiliki. Serikali ya Lloyd George ikakataa. Ikapita zaidi ya robo karne, mgomo mkuu wa mwaka 1926 na vita kuu ya pili, ndipo serikali ya Clement Attlee ilipolitimiza jambo hilo. Tarehe 1 Januari 1947 migodi zaidi ya 900, yenye wafanyakazi wapatao 700,000, ilikabidhiwa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Bendera zilipandishwa, na migodini yakatundikwa mabango ya kutangaza kwamba tangu siku hiyo mgodi unaendeshwa na Bodi kwa niaba ya wananchi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Januari 1948, reli nazo zikafuata.

Ajabu ni kwamba huko kwetu reli ya serikali ilikwisha kuwapo nusu karne kabla. Wakati treni za Uingereza zilikuwa za makampuni ya watu binafsi, serikali hiyo hiyo ya Uingereza ilijenga kwa fedha za hazina yake reli ya kutoka Mombasa hadi ziwa Viktoria, kati ya mwaka 1896 na 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 miongoni mwao walifia kazini. Reli hiyo ilikuwa mali ya serikali kwa kila hali. Lakini nani katika Wakamba, Wanandi au Wamijikenda aliulizwa neno? Kwa hiyo tangu mwanzo historia yetu inatufundisha kwamba "mali ya serikali" na "mali ya wananchi" si maneno mawili yenye maana moja.

Nirudi kwenye yale mabango ya mwaka 1947, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha mada yetu. Kwa nini watu walilia kwa furaha walipoyaona? Kwa sababu waliyajua yaliyotangulia. Tarehe 14 Oktoba 1913, katika mgodi wa Senghenydd huko Wales, ulitokea mlipuko ulioua wachimbaji 439. Mgodi ulikuwa wa kampuni binafsi. Kesi ilipokwisha, meneja alitozwa faini ya pauni 24 na kampuni ikatozwa pauni 10. Watu wakapiga hesabu wakaona kwamba roho ya mchimbaji mmoja imethaminiwa kwa shilingi moja na senti kidogo. Mtu aliyezikwa na baba yake kwa bei hiyo hahitaji mhadhara wa uchumi ili atamani mwenye mali abadilishwe.

Mwenye mali akabadilishwa. Sasa tutazame mwaka 1966, miaka 19 baada ya mabango.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan, huko huko Wales, kilima cha vifusi vya mgodi kilichokuwa juu ya mlima kiliporomoka kikiwa tope zito na kuifunika shule ya msingi ya Pantglas. Watu 144 walikufa. 116 kati yao walikuwa watoto. Mimi ni mwalimu, na kila ninapoiandika tarakimu hiyo naiona daftari ya mahudhurio. Vifusi vile vilikuwa mali ya Bodi ya Taifa, iliyoendesha mgodi kwa niaba ya wananchi. Wananchi wenyewe walikuwa wamelalamika. Miaka kadhaa kabla, halmashauri ya mji ilikuwa imeandika barua juu ya hatari ya vifusi nyuma ya shule. Baraza la uchunguzi lilipotoa taarifa yake mwaka 1967, liliitia Bodi hatiani waziwazi. Mwenyekiti wa Bodi, Lord Robens, akabaki kitini. Tena, vifusi vilivyosalia vilipotakiwa kuondolewa, pauni 150,000 zilichukuliwa kutoka mfuko wa maafa, yaani sadaka waliyochangiwa wafiwa. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, bila nyongeza yoyote.

Mwaka huo huo wa 1966, upande wa reli, palitokea kisa kingine ambacho kila familia ya wahamiaji inapaswa kukijua. Bwana Asquith Xavier, mzaliwa wa Dominica, alikuwa gadi wa treni katika stesheni ya Marylebone hapa London. Aliomba kuhamia stesheni ya Euston, akakataliwa, kwa sababu pale palikuwa na mapatano ya chini kwa chini ya kutopokea watu weusi. Zingatieni: reli ilikuwa ya taifa, na waliohusika na zuio hilo walikuwa wafanyakazi wenzake. Bwana Xavier hakunyamaza. Habari zikatoka, suala likamfikia Waziri wa Usafiri, Barbara Castle, na mwezi Julai zuio likaondolewa. Mwezi Agosti alianza kazi Euston, huku akitishiwa maisha. Wakati huo sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi haikuwa imegusa ajira. Ilikuja kuzigusa mwaka 1968.

Hapo ndipo ninapompa haki yule mzee wa Barking. Bango peke yake halimlindi mtu. "Wananchi" walioandikwa migodini hawakuweza kuuhamisha mlima wa vifusi juu ya vichwa vya watoto wao, na katika reli ya taifa palikuwa na stesheni ambapo taifa lilimalizikia kwenye rangi ya ngozi.

Lakini nisimpe mzee ushindi wote, kwa maana majaribio ya upande wa pili nayo tumeyaona. Migodi iliyosalia iliuzwa mwishoni mwa mwaka 1994, baada ya mgomo mchungu wa mwaka 1984 hadi 1985, ambapo wachimbaji walipambana na mwajiri aliyekuwa serikali yenyewe. Mgodi wa mwisho wa chini sana, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Na kituo cha mwisho cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe hapa Uingereza kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Reli nazo zilivunjwavunjwa kwa sheria ya mwaka 1993: njia zikapewa kampuni iitwayo Railtrack, treni zikapewa makampuni ya kukodisha mabehewa, na huduma zikagawiwa makampuni zaidi ya ishirini. Tarehe 17 Oktoba 2000 treni ilianguka Hatfield, kaskazini ya London, na watu wanne wakafa. Chuma cha reli kilikuwa na nyufa, na nyufa hizo zilikwisha kujulikana kabla ya ajali. Mwaka uliofuata Railtrack ikashindwa kujiendesha, na mwaka 2002 njia zikachukuliwa na Network Rail, ambayo tangu mwaka 2014 huhesabiwa rasmi kuwa mali ya umma.

Barua za Aberfan zilijulikana, na nyufa za Hatfield zilijulikana. Mmoja alikuwa mwenye mali wa taifa, mwingine wa soko la hisa. Wote wawili walikuwa na habari mezani, na hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha waisome kwa wakati. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ningethubutu kuongeza kwamba hata daftari likiwapo, lisipofunguliwa na mtu mwenye uwezo wa kuuliza, mali hupotea vilevile, na wakati mwingine hupotea na watu.

Huko nyumbani tumeyapitia hayo hayo. Shirika la reli la pamoja lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Kila nchi ikabaki na kipande chake, na vipande hivyo vikachakaa. Tukaambiwa dawa ni ubinafsishaji. Reli ya Kenya na Uganda ikakodishwa kwa miaka 25 kuanzia 2006. Mkataba ukafa mwaka 2017. Reli ya Kati ya Tanzania ikakabidhiwa ubia na kampuni ya India mwaka 2007, nao kwa miaka 25. Ubia huo haukutimiza hata miaka mitano. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza uzalishaji mwaka 1988, uliuzwa kwa kampuni binafsi mwaka 2005. Mauzo hayo yalizua mjadala mkali bungeni na magazetini, kwa kuwa masharti yake yalijulikana baada ya wino kukauka. Hatimaye mgodi ukarudi chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa.

Sasa serikali zetu zinajenga reli upya kwa mikopo. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na hazikukawia kufika Dodoma. Mimi niliyesafiri na Reli ya Kati mwishoni mwa miaka ya 70, mwanafunzi wa daraja la tatu mwenye waranti ya serikali mfukoni, nikinunua kuku Saranda na asali Tabora, siwezi kuificha furaha yangu. Lakini nakumbuka vilevile kwamba Kenya ilianza kuendesha reli yake mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na wananchi watakaoulipa mkopo walinyimwa kuiona mikataba yake hadi raia walipokwenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mwaka 2022 itolewe, na mwezi Novemba mwaka huo sehemu yake ikawekwa hadharani. Mwenye mali aliyefichwa hati ya mali yake ni mwenye mali wa namna gani?

Niruhusuni visa viwili vya nafsi yangu. Katika safari moja ya ujana wangu, katika reli nisiyoitaja, treni yetu ilisimama stesheni ndogo mchana kutwa na usiku kucha. Nilipokwenda kwa mkubwa wa pale kuuliza sababu, alinijibu, "Kijana, treni hii ni ya serikali, si ya baba yako." Miaka mingi baadaye, hapa London, nilikwama jukwaani usiku wa baridi, nikauliza, nikaambiwa kwa upole sana, "Samahani bwana, treni hiyo si ya kampuni yetu. Jaribu kuuliza kampuni nyingine." Yule wa kwanza alikuwa na mwenye mali mmoja asiyehojiwa, na huyu wa pili alikuwa na wenye mali wengi wasioonekana. Mimi kote kuwili nilibaki jukwaani.

Sasa hukumu niliyodaiwa mezani. Mimi nipo upande wa binti, ila kwa sharti la mzee. Nipo upande wa binti kwa sababu reli si duka la sukari. Sukari ikiwa mbaya dukani kwa huyu, utavuka barabara ununue kwa yule. Lakini mkazi wa Barking hawezi kuvuka barabara akapanda reli nyingine. Kitu kisicho na mbadala, ambacho maisha ya wengi hukitegemea, hakifai kuwa cha mtu ambaye lengo lake la kwanza ni gawio la wenye hisa. Tena umilikaji wa umma hutupa haki moja kubwa, nayo ni haki ya kudai daftari. Network Rail imewekwa chini ya sheria ya haki ya kupata taarifa tangu mwaka 2015, na huduma za treni zinapochukuliwa na serikali nazo huingia chini ya sheria hiyo. Kampuni binafsi haikulazimika kukujibu.

Sharti la mzee ni kwamba haki hiyo itumike. Serikali ikishachukua reli, kazi ya mwananchi ndipo inapoanza. Hapa nawasihi wasomaji mambo matatu.

Kwanza, mtu yeyote, awe raia au asiwe, aweza kuandika barua au baruapepe kwa taasisi ya umma ya nchi hii kuomba taarifa, na taasisi hupaswa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Kiingereza cha barua hiyo hakihitaji ufundi. Vijana wetu waweza kutusaidia.

Pili, mbunge wa eneo lako ni mbunge wako hata kama hukumpigia kura. Mwandikie.

Tatu, na hili wengi hawalijui: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, kama Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, wanaoishi hapa kihalali, wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura hata katika uchaguzi wa Bunge, bila ya kuwa na pasipoti ya Uingereza. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, ambao nchi zao hazimo katika Jumuiya hiyo, haki ya kuchagua wabunge huipata wakishachukua uraia. Nimekutana na watu wazima walioishi hapa miaka ishirini bila kujiandikisha, huku kila siku wakilalamikia nauli.

Namalizia kwa yule binti, kwa maana sherehe ilipokwisha nilimwuliza, "Mwanangu, hati yako ya mshahara ina jina la nani?" Akanyamaza kidogo. Jina lililomo si la treni wala la serikali; ni la kampuni ya zabuni ya usafi, kama ilivyo kwa wasafishaji wengi wa treni na stesheni. Mabehewa yenyewe ni ya kukodi. Kwa hiyo siku treni zilipotaifishwa, mkataba wa binti haukugeuka hata mstari mmoja: saa ni zile zile, mshahara ni ule ule.

"Basi, mwalimu, nimefurahia nini?" aliniuliza.

Nilimwambia amefurahia mlango. Jana hakuwa na wa kumwuliza kwa nini wasafishaji wamewekwa nje ya nyumba. Leo mwenye nyumba anajulikana, na ana anwani. Bwana Xavier naye hakuletewa Euston mezani. Aliuliza, akauliza tena. Tumekubaliana kwamba Jumamosi ijayo, yeye na wenzake wawili watakuja kwangu tuandike barua. Yule mzee mhasibu, aliyesema mali ya serikali haina mwenyewe, amenipigia simu. Anasema naye atakuja, na ataleta miwani yake ya kusomea hesabu.

Majibu na mapingamizi yenu mtayapeleka kwa mhariri kama kawaida. Hadi mwezi ujao, kaeni salama.